Mashine ya Parokia

Mume wangu Sufiani ni fundi wa mashine za kusaga, na kabla sijasema lingine lolote juu yake naomba hilo likae mbele. Kuanzia Kingolwira hadi Kinole, ukisikia mashine inanguruma asubuhi na akina mama wamepanga foleni na ndoo zao za mahindi, ujue mkono wake umepita pale. Hamuulizi mwenye mashine imeharibika vipi, maana wenye mashine ni waongo. Anaiwasha, anainamisha kichwa, anasikiliza, kisha anasema, "Beringi," au, "Mkanda umechoka," na huwa ndivyo. Nilimpendea hilo miaka ishirini na tano iliyopita. Mtu anayesikia ugonjwa wa chuma, nilijiambia, hatashindwa kusikia wangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nisameheni.

Huko milimani wana desturi nzuri iliyoniharibia nyumba. Mashine ikipona, fundi haondoki na kinywa kikavu. Mwenye mashine huleta ndoo ya komoni, ile pombe ya mahindi, majirani wakasogea, na fundi akapewa kata ya kwanza. Ukikataa, watu wanaanza kunong'ona kwamba labda mashine haijapona. Sufiani ni Mwislamu, mtoto wa Mwislamu, babu yake alikuwa mwadhini. Kata ya kwanza aliipokea kwa heshima, ya pili kwa kiu, na miaka ilivyokwenda haikuhitajika tena mashine kuharibika.

Mimi nauza viungo sokoni mjini Morogoro: mdalasini, pilipili manga, iliki, karafuu. Magunia yanalala nyumbani, chumba cha uani. Sufiani akirudi alikuwa anapitia uani kwanza, anachota karafuu kiganjani, anatafuna, ndipo anaingia ndani kusalimia. Kwa hiyo nyumbani kwetu pombe ilinukia karafuu. Wanawake wenzangu huogopa manukato ya mwanamke mwingine kwenye shati, mimi niliogopa bidhaa yangu mwenyewe. Mteja akifungua gunia ghafla, moyo unanidunda.

Na jambo lililonitia wazimu ni kwamba alikuwa anaweza kuacha. Kila Ramadhani aliacha. Siku thelathini alifunga, alisali tarawehe safu ya mbele, alinichekesha wakati wa futari, nikawa naishi na mume niliyeolewa naye. Kisha Idi, siku ya pili ya Idi, karafuu. Na zile siku za kuvunja jungu kabla ya mwezi, watu wanapokula na kunywa kama wanaoagana na dunia, yeye alikunywa ya mwezi mzima kwa mkupuo. Nilimuuliza mara mia: anayeweza thelathini, kwa nini ya thelathini na moja imshinde? Alinijibu kwamba sielewi. Kweli, sikuelewa.

Nilificha miaka kumi na tano. Nilisema ana malaria, ana mafua, kalala kwa sababu mashine ya Kisaki ilimkesheza. Nina ulimi mwepesi, namshukuru Mungu, sijui kama yeye ananishukuru.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja walikuja watu wa posa. Binti yetu wa pekee, Yasmin, alikuwa amechumbiwa na Hafidhi, kijana wa Kihonda, kwao watu wa dini hasa. Sufiani aliingia sebuleni na kanzu safi, amenyooka, na mimi kule jikoni nikasikia karafuu kabla sijasikia sauti yake. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwisho, alipoombwa kama baba afunge kikao kwa Fatiha. Sura ambayo mtoto wa chekechea anaisoma, mume wangu alifika katikati akasimama. Akarudi mwanzo. Akafika palepale, akasimama tena. Mzee mmoja wa upande wa Hafidhi akamalizia kwa upole, na mimi nikapaza sauti kutoka jikoni kwamba baba Yasmin ana homa tangu juzi.

Sheikh aliyekuja na wageni akaeleza taratibu za ndoa, itakayofungwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Ramadhani, baada ya Alasiri. Akasema walii, yule anayemwozesha binti, anatakiwa awe Mwislamu, mwenye akili timamu, asiwe mtu wa maasi ya wazi. Alisema kama anavyosema kila mahali, hakumtazama mtu. Sufiani alitazama mkeka.

Asubuhi yake Yasmin alinikuta napepeta mdalasini. "Mama," akasema, "siku ya ndoa yangu baba atakuwa mzima?"

"Kwani baba yako ana nini?"

"Mama." Alikaa kwenye kigoda akaanza kulia, na mimi nikaendelea kupepeta mpaka mikono ikakataa.

Jirani yangu wa meza sokoni ni Veronika, Mkatoliki wa kutoka Mgeta, anauza karoti, njegere na kabichi za huko juu. Tunataniana mwaka mzima. Siku ile nilimpigia hesabu mteja nikakosea mara mbili, na Veronika akasubiri mteja aondoke.

"Mama Yasmin, baba Yasmin anakunywa kiasi gani?"

Nikamwambia ana homa.

"Homa ya miaka hiyo yote ingeshamuua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Unamjua kaka yangu Severini? Alikuwa analala mferejini, nguruwe wanampita. Sasa huu mwaka wa nne hajaonja. Wana kikundi chao, kinaitwa Leo Tu. Wanakaa kila Jumamosi saa nne, pale parokiani njia ya Bigwa."

"Kanisani?"

"Siyo kanisani, chumba cha mafundisho ya watoto. Wamepewa bure. Ulitaka wakutane wapi, baa?"

Nilicheka. Nilimpelekea Sufiani habari hiyo akiwa anafunga mkanda wa mashine kwenye karatasi. Hakupiga kelele. Alisema yeye si mlevi, walevi anawajua, ni wale wanaovuliwa viatu njiani. Siku nne hakunisemesha. Jumamosi nilivaa baibui langu, nikasimama mlangoni, nikamwambia Yasmin aliniuliza nini na alilia vipi. Akavaa viatu.

Tungekuwa tunaingia kuiba tusingeangalia nyuma mara nyingi vile. Pale getini pana sanamu ya Bikira Maria, na mimi na baibui langu jeusi, yeye na kofia yake ya vito, tumesimama kama tuliopotea njia ya hospitali. Bodaboda akapita, Sufiani akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakina kamba. Nilikuwa naogopa asiingie, na naogopa akiingia aonekane, na kama ungenitaka nichague hofu moja ningeshindwa.

Mle ndani kulikuwa na viti vya watoto, vifupi, kwa hiyo watu wazima kumi na wawili walikaa magoti yamewafika kifuani. Ubaoni palibaki somo la sakramenti kwa chaki ya njano. Severini, mrefu, mwenye kovu shavuni, akatukaribisha, akasema ndugu wa mtu anaruhusiwa kukaa nyuma mradi asimsemee mtu wake. Nadhani Veronika alikuwa ameshamtahadharisha. Kisha akasimama.

"Jina langu Severini. Mimi ni mlevi. Leo sijanywa."

"Leo tu," wakaitikia wote.

Waliyosema wengine siyaandiki. Yanayosemwa mle hubaki mle, hilo ndilo sharti, na nimeshavunja masharti mengi ya kutosha maishani. Nitasema tu kwamba kulikuwa na mwalimu mstaafu, na mama mmoja wa umri wangu ambaye nisingemdhania kamwe, na kwamba mtu mmoja aliposema "naweza kuacha mwezi mzima, kinachonishinda ni siku moja," Sufiani alinyanyua kichwa kama anavyonyanyua akisikia beringi. Zamu yake ilipofika akasema, "Naitwa Sufiani. Mimi fundi mashine." Akakaa. Wakamkaribisha hivyohivyo, wakatugawia chai ya tangawizi.

Wiki ya pili alisema vilevile. Fundi mashine. Wiki ya tatu aliitwa Kinole, mashine ya kule imepasua chekeche. Nilimsihi asiende. Alisema kazi ni kazi. Alirudi Jumamosi alasiri kikundi kimeshaisha, akapitia uani.

Sikumgombeza. Nilikaa juu ya gunia la karafuu, nikalikalia kabisa kwa uzito wangu wote, na alipoinama kuchota akanikuta mimi. Akasema, "Walinipa kata, mama Yasmin. Nikasema hapana. Wakacheka, wakasema kwani mashine haijapona? Nikaipokea." Kisha akaketi sakafuni na nguo zake za kazi, akalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, na mimi niliona aibu na huruma na hasira vyote kwa pamoja, nikashindwa kujua nianze na kipi.

Jumamosi iliyofuata alisema. Sauti ilikuwa ndogo lakini niliisikia nyuma kule. "Jina langu Sufiani. Mimi ni mlevi. Leo siku ya saba."

Sasa niseme kosa langu. Mji huu ni mdogo kuliko unavyoonekana. Mke wa jirani alituona getini, akaniuliza tunafanya nini kwa mapadri kila Jumamosi. Ulimi wangu haukunisubiri. "Baba Yasmin anatengeneza mashine ya parokia," nikasema. Ilikuwa jibu zuri sana, likanifurahisha mwenyewe. Nikalisema sokoni, nikalisema msikitini upande wa wanawake, nikalisema kwa mama mkwe mtarajiwa wa Yasmin. Sikufikiri kwamba mashine inayotengenezwa Jumamosi sita na fundi anayesifika kuponya kwa nusu siku itawafanya watu waulize. Watu waliuliza. Na kwa kuwa hawakupata jibu, walijitengenezea la kwao: Sufiani anasoma mafundisho. Sufiani anabatizwa Pasaka.

Habari ilipanda mlima kwa miguu yake. Siku moja ya Januari kaka yangu Yunusi alishuka kutoka Kinole na mkungu wa ndizi begani. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Sheria ya dini inamtaka baba aozeshe, sawa, lakini mjomba asipokaa mkekani hakuna anayethubutu kuanza. Yasmin akampokea ndizi, "Shikamoo mjomba." Akaitikia bila kumtazama. Akakaa, akakataa maji.

"Shemeji Sufiani," akasema, "umebatizwa?"

Sufiani alitaka kucheka. Mimi nikamwahi. "Kaka, nani amekuambia upuuzi huo? Anatengeneza mashine ya parokia."

"Mashine gani?"

"Ya kusaga. Kubwa. Ya umeme."

"Nimepitia pale kabla sijafika hapa," Yunusi akasema. "Nimemuuliza mlinzi. Parokia haina mashine, Mwanvita. Haijawahi kuwa nayo. Wanasaga barabarani kama sisi."

Sijui mtu mwingine akishikwa na uongo anafanya nini. Mimi nilianza kutafuta uongo mwingine, na nikaupata, nilikuwa nao tayari mdomoni. Sufiani aliniwekea mkono gotini.

"Mimi ni mlevi, shemeji," akasema. "Pale parokiani wanakaa walevi wanaotaka kuacha. Wakristo wamo, Waislamu tupo wawili. Hakuna anayemhubiria mwenzake. Leo ni siku yangu ya thelathini na moja."

Yasmin alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya muhogo. Yunusi akasema jambo ambalo bado linaniamsha.

"Ulevi wako tunaujua. Tangu lini ulevi wako ukawa habari? Mimi nimekuuliza kanisa." Akanigeukia. "Na wewe Mwanvita, kule Kinole wanakuita Mama Karafuu. Ulidhani ni kwa sababu ya biashara?"

Miaka kumi na tano. Malaria yote ile, mafua yote yale, mashine zote za Kisaki. Nilikuwa nimeshikilia mlango kwa mabega yangu, na ukuta wa nyuma haukuwepo. Nilitamani kumpiga kaka yangu na ule mkungu wake.

Yunusi alikula muhogo, akanywa na maji, ila hakuondoka bila kusema neno lake. "Nafurahi hujaritadi. Lakini binti ni wa ukoo wetu, na wakwe zake ni watu wa dini. Siku hiyo nitakaa karibu nawe, shemeji. Nikikusikia harufu, yoyote, hata ya karafuu, nitasimama mbele ya watu nikutoe, na mdogo wako atamwozesha. Nimeshamwambia ajiandae."

"Sawa," akasema Sufiani.

"Usiniambie sawa. Yasmin ndiye umwambie."

Akamwambia. Yasmin aliweka sahani chini, akasema, "Ndiyo, baba," kwa sauti ya mtu asiyetaka kuahidiwa kitu.

Wiki nne zilizobaki sikuishi, nilihesabu. Nilihesabu hatua zake akitoka msikitini. Nilihesabu dakika za kutoka gereji yake ya mjini kuja nyumbani. Magunia ya karafuu niliyahamishia kwa Veronika, nikajidanganya ni kwa ajili ya panya. Akiimba, nilishtuka; akinyamaza, nilishtuka zaidi. Kikundini Severini alinitania kwamba humo kuna walevi kumi na watatu na mmoja tu ndiye anayetetemeka mikono, naye hanywi.

Ikafika Jumamosi yenyewe. Mji mzima ulikuwa unavunja jungu. Vijana wamebeba makreti, redio kila kona, na mimi uani kwangu nina wapishi wanane, masufuria ya kukodi, hina mikononi na sare ya kitenge kipya. Saa tatu na nusu nikamtafuta Sufiani aje aonyeshe turubai lifungwe wapi. Hayupo. Simu yake ipo kwenye chaji. Kanzu ya ndoa haipo kwenye msumari.

Nilimuuliza Yasmin, hajui. Nilimuuliza mdogo wake Sufiani, akanijibu kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonimaliza. Nikajifunga mtandio, nikatoka.

Nilikwenda kilabuni. Niandike wazi ili nisijipe nafasi ya kugeuza: sikufikiri mahali pengine popote. Kuna kilabu cha pombe za kienyeji nyuma ya stoo za mahindi, miaka yote nilikuwa napita mbali. Niliingia na hina yangu na kitenge changu cha sare, nikipita katikati ya mabenchi nikitazama sura moja moja. Mzee mmoja alisimama kwa adabu, akaniamkia shikamoo ingawa ananizidi umri, akasema, "Mama, si leo ndiyo harusi?" Mama muuzaji akaniambia, "Humu hayupo," akageukia pipa lake. Niliona anaficha kitu. Nikaenda cha pili, nikaenda na cha tatu, kule ng'ambo ya reli. Jua lilikuwa kali, hina ikawa inachuruzika na jasho. Nilikuwa nalia na nimeacha kujali nani ananiona.

Nilirudi saa saba kasoro. Sufiani alikuwa uani, amekaa na wapishi, kanzu imekunjwa mapajani, anamenya vitunguu. Akanitazama hina, akanitazama viatu vyenye tope la kilabuni. Alisimama, akanisogelea mbele ya wapishi wote, akafungua kinywa na kunipumulia usoni kama mtu aliyesimamishwa na trafiki.

Tangawizi. Ilikuwa Jumamosi, na saa nne ni saa ya kikundi. Alikuwa kikundini.

Ndoa ilifungwa sebuleni kwa wanaume, sisi wanawake tuko chumbani nyuma ya pazia, tunasikiliza kwa spika. Sheikh alimtaka walii alete istighfari, maneno ya kumwomba Mungu msamaha, mara tatu, kama wanavyofanyishwa wote. Ya kwanza ilitoka. Ya pili ilitoka. Ya tatu ikachelewa, spika ikanguruma tupu, nami nikamshika Yasmin mkono mpaka akaguna. Akilini nilikuwa namwona Yunusi akisimama. Kisha nikasikia, "Astaghfirullah," na sauti ilikuwa imepasuka lakini nzima, na baada yake, bila kusimama hata mara moja, "Nakuozesha binti yangu Yasmin." Wanawake wakapiga vigelegele. Wakaniona nalia, wakanipigia na mimi, wakidhani ni furaha. Furaha ilikuwepo. Lakini iliyoniliza ni aibu ya vilabu vitatu.

Asubuhi yake, Jumapili, tulikuwa wawili tu uani tunasugua masufuria ya watu kwa majivu. Yasmin keshakwenda kwake. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha.

"Baba Yasmin. Jana nilikutafuta kilabuni."

Hakuacha kusugua. "Nimeambiwa na watu wanne."

"Nisamehe. Ningejua, ningekuja moja kwa moja parokiani. Wiki zote hizi nakaa pale nyuma, na sikuwaza kabisa kwamba unaweza kuwa pale."

"Ulinikuta kilabuni?"

"Sikukukuta."

Akasuuza sufuria, akaliinamisha ukutani, akalitazama maji yakitiririka. "Nilikuwepo," akasema. "Saa tatu. Cha nyuma ya stoo. Nilisimama mlangoni na kanzu kwenye mfuko wa rambo. Yule mama akaniuliza, 'Nikuwekee?' Nikamwambia ngoja. Sikusema hapana, mama Yasmin. Nilisema ngoja. Nikasimama, sijui muda gani, kisha nikaona miguu inaondoka. Nilifika kikundini nikakaa, nikashindwa hata kutaja jina."

"Ningefika saa tatu..."

"Ungenikuta."

Nilikuwa nimekuja na msamaha wa kuomba, na sasa sikujua niuweke wapi. Siku zote zile alipokuwa akinywa nilikuwa na hasira tele, na hasira inamshikilia mtu. Pale uani, na majivu mikononi, sikuwa nayo hata kidogo. Nilikuwa na mume aliyesema ngoja mlangoni akaondoka. Niliogopa kuliko siku yoyote ya miaka kumi na tano, kwa sababu sasa nilikuwa na mtu wa kupoteza.

"Jumamosi tutoke saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa mbili," akasema. "Tuzunguke njia ya juu, tusipite kule kwenye stoo."